Ya Kale ni Dhahabu?

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Naam, walisema. Lakini sisi wa Shinyanga na Geita, ambao dhahabu tunaiona ikitoka na udongo wake, tuna swali la kuwauliza wahenga hao. Jiwe likitoka shimoni halipangwi kabatini likatazamwa. Linapondwa kwenye karasha, linasagwa, linaoshwa, linachanganywa na zebaki, kisha zebaki inachomwa hadi kibaki kijipande cha kung'aa. Ukitaka dhahabu sharti uliharibu jiwe. Sasa, ndugu msomaji, kama ya kale ni dhahabu, tuyahifadhi kama yalivyo au tuyaponde?

Siulizi ili nionekane msomi. Mimi niliishia kidato cha nne, na falsafa niliyo nayo nimeiokota kwenye vitabu vya kuazima na kwenye kibanda cha fundi redio mmoja hapa Shinyanga mjini, ambako huwa nashika tochi wakati yeye analehemu, malipo yangu chai na andazi. Humo ndimo ilimoletwa amplifaya ya gitaa ya mzee mmoja, mpiga solo wa bendi ya dansi iliyokufa siku nyingi.

Amplifaya yenyewe ni ya Kiingereza, nembo imebanduka, kitambaa kimetafunwa na panya. Ndani haina transista hata moja. Ina valvu, zile chupa ndogo za kioo zilizokuwamo kwenye redio za babu zetu. Valvu haifanyi kazi mpaka ipate moto: waya mwembamba ndani yake unakuwa mwekundu, ndipo umeme unavuka pale katikati pasipo na hewa. Ukipiga gitaa polepole inaimba kwa upole. Ukiizidishia, haikatiki ghafla, bali inakwaruza kidogo kidogo kama koo la mtu aliyelia usiku kucha. Mzee alikuwa akiutaka mlio huo tu. "Mwanangu," alimwambia fundi, "badilisha unachotaka, mlio usiguse."

Kumbe hakumaanisha kila kitu. Fundi alipotaka kuutupa waya wa umeme wa zamani, wenye nyuzi mbili na usio na ethi, mzee aligoma. Waya huo ulizunguka naye nchi nzima! Fundi akakataa kata kata. Ndani ya chombo kama kile hupita volti zaidi ya 300, na kapasita zake zaweza kukurusha hata baada ya kuchomoa plagi. Mwaka 1972 mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kugusa maikrofoni isiyo na ethi. Basi waya mpya wa nyuzi tatu ukafungwa, mzee kanuna.

Mimi niko upande wa fundi, tena si kwa mambo ya umeme peke yake. Huku kwetu vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni, na wauaji wakajificha nyuma ya imani za kale. Kitu kuwa cha asili hakukipi ruhusa ya kuua. La zamani linaloua likatwe bila kuomba radhi, liwe waya, iwe imani.

Hapo ni rahisi. Ugumu ulikuja na mnunuzi mmoja wa dhahabu kutoka Katoro, mwenye grosari yake. Aliliona lile sanduku, akalipenda kwa sura. Alitaka matumbo yote yatolewe, itiwe mashine mpya yenye nguvu ya kupigia muziki wa kwenye simu. Akataja bei. Bei ile, bwana, ilikuwa inalipa ada ya chuo ya mjukuu wa mzee na chenji inabaki.

Wapo watakaosema mzee asiuze, ule ni urithi wa taifa. Kuhubiri uhifadhi kwa mali ya mwenzako hakuna gharama. Katika dansi la nchi hii, vyombo mara nyingi vilikuwa vya mwenye bendi, awe chama, shirika, jeshi au tajiri. Bendi ikifa, mpigaji aliondoka na vidole vyake. Huyu wetu aliondoka na amplifaya kwa kuwa alipewa badala ya mishahara ambayo hakulipwa. Leo tumwambie tena apige bure kwa ajili yetu?

Akauza. Lakini fundi hakung'oa kitu kimoja kimoja. Alifungua skrubu nne, akaitoa chasisi nzima na valvu na transfoma zake, akamrudishia mzee, kwa kuwa tajiri alinunua sanduku na spika tu. Sanduku likaenda Katoro. Chasisi ikabaki Shinyanga, ikafungiwa spika ya kuokoteza kwenye boksi la plaiwudi. Mzee alipopiga akatikisa kichwa. "Ni yenyewe," alisema, "ila ina mafua."

Sasa amplifaya ni ipi? Wayunani walikuwa na kitendawili cha meli ya Theseus, iliyobadilishwa mbao moja moja hadi zote zikawa mpya. Katika karne ya 17 Mwingereza Thomas Hobbes akakiongeza ukali: je, mtu akizikusanya zile mbao kuukuu akaunda meli, meli ya kweli ni ipi? Babu zetu walikuwa na jembe, ambalo leo linabadilishwa mpini na kesho linabadilishwa bapa, na mke wa nyumba bado analiita jembe lake. Halihitaji ushahidi mwingine, maana linalima.

Wapenda asili nao wajue hili. Jim Marshall wa London, ambaye amplifaya zake leo zinasakwa kama almasi ya Mwadui, alianza kuziunda na wenzake mwaka 1962 kwa kufuata mchoro wa Bassman ya Fender, ya Marekani, wakitumia vipuri vilivyopatikana kwao. Vipuri vikatofautiana, mlio nao ukatofautiana, na tofauti hiyo leo ndiyo inayoitwa asili.

Nasi tunaoandika tumo humu humu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Haikupata mchapishaji kwa lugha hiyo. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980. Alibadilisha kila neno, valvu zote! Bila hivyo mimi nisingeisoma. Lakini aliyebadilisha ni yule yule aliyejua kila neno la kwanza lilikuwa na uzito gani.

Kwa hiyo naona swali la "je, ni ya asili?" ni swali la wafanyabiashara. Mimi ningeuliza mawili: badiliko hili litamuumiza nani, na je, atakayekuja baada yangu ataweza kulirudisha? Kijana anayeichukua hadithi ya bibi yake akaigeuza riwaya ana haki yake, ilimradi asichome daftari alimoiandika kwanza. Dhahabu ukiiyeyusha inabaki dhahabu, haina kumbukumbu ya pete iliyokuwa. Mlio wa gitaa na hadithi ya bibi havina bahati hiyo.

Fundi wangu hajamsikia Hobbes. Kapasita alizozitoa alizitia kwenye kopo la Blue Band, akamkabidhi mzee pamoja na ule waya wa nyuzi mbili. Kisha akachana karatasi mbili za daftari, akachora njia zote za umeme, akaandika alichobadilisha. Moja ipo kwenye boksi la plaiwudi. Ya pili aliibandika ndani ya sanduku kabla halijapakiwa, na chini yake akaandika kwa kalamu nyekundu: "Kilichokuwamo humu kipo Shinyanga. Kinalia."