Saa ya Mnara wa Mkunazini



Juzi tuliulizana kama yafaa kupokea mchango wa jirani Mwislamu kwa ajili ya mabati ya kanisa letu. Tukakumbuka Mkunazini. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na Askofu Steere akajenga kanisa kuu mahali pale pale. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na mfanyabiashara wa dini ya Kihindu. Saa ya mnara ilitolewa na Sultani Barghash, Mwislamu, ambaye hapo kwanza alikuwa akipata ushuru wa watumwa. (Wala hakulifunga soko kwa hiari yake, Waingereza walimshurutisha.) Hata hivyo saa ilipokewa, ikawekwa juu.

Katika Luka 10 twampenda Msamaria kwa kuwa yu mbali. Angalikuwa jirani yetu, pengine tungalimwuliza kwanza anasali wapi. Yule aliyelala njiani hakuuliza. Alikuwa na majeraha. Je, twamheshimu Mungu tukikataa wema kwa sababu haukubatizwa?

Fedha za jirani zingali katika bahasha kwa mtunza hazina. Halmashauri ya kanisa itakutana Jumapili baada ya ibada.