Mbivu za Mvumilivu

Timu inayoshindwa msimu baada ya msimu hufanana na nyumba inayovuja: kila apitaye ana shauri lake juu ya paa. Mmoja husema lizibwe. Mwingine husema liezuliwe lote, liezekwe upya. Mwenye nyumba atafutaye fundi hana budi kuuliza swali ambalo aghalabu husahauliwa: paa litakapokuwa wazi, ni nani watakaonyeshewa?

Swali hili liliwakabili wenye timu ya mpira wa kikapu ya Philadelphia 76ers, huko Marekani, mwaka 2013. Mwaka uliotangulia timu ilikuwa imetoa wachezaji wazuri ili impate Andrew Bynum, mtu mrefu mwenye sifa kubwa. Lakini magoti yake yalikuwa mabovu, asiichezee hata mchezo mmoja. Msimu ule timu ilishinda michezo 34 na kushindwa 48. Haraka ilipokwisha kuzaa hasara, wenye timu walitaka mtu wa subira, wakamwajiri Sam Hinkie awe meneja mkuu.

Hinkie aliezua paa. Katika ligi ya NBA, timu dhaifu hupewa nafasi bora ya kuchagua vijana wapya. Wakati ule timu ya mwisho ilikuwa na bahati 25 katika 100 za kupata chaguo la kwanza. Basi alimtoa Jrue Holiday, nyota wa timu, akapokea kijana Nerlens Noel, aliyekuwa akiuguza goti, pamoja na haki ya kuchagua mwingine baadaye. Katika misimu mitatu, toka 2013 hadi 2016, timu ilishinda michezo 47 na kushindwa 199.

Si haki kumhukumu bila kumsikiliza. Hakuvunja sheria, wala wachezaji hawakuamriwa kushindwa. Walijitahidi kwa nguvu walizokuwa nazo. Watetezi wake husema kuwa timu ya wastani, ambayo kila mwaka huahidi na kila mwaka haitimizi, nayo hudanganya, ila hudanganya kwa adabu. Hoja hii ina uzito.

Walakini, subira ni wema mtu anapoitoa katika akiba yake mwenyewe. Akiitoa katika akiba ya wengine, huwa ni deni. Mwenye timu ana miaka mingi ya kungoja. Mchezaji ana michache ya nguvu, na misimu mitatu ni sehemu kubwa ya maisha ya kazi yake. Mnunuzi wa tiketi naye alilipa leo kwa furaha ya siku ambayo labda asingeiona. Methali yasema mvumilivu hula mbivu. Haikusema mmoja avumilie na mwingine ale. Joel Embiid, aliyechaguliwa mwaka 2014, alikosa misimu miwili kwa maumivu ya mguu. Alipoanza kucheza, Oktoba 2016, Hinkie alikuwa amekwisha jiuzulu tangu Aprili. Mwaka 2023 Embiid alitajwa mchezaji bora wa ligi. Lakini tangu 2018 hadi mwaka huo timu ilifika raundi ya pili ya mchujo mara tano, isivuke hata mara moja. Na hata kama kombe lingepatikana, deni lingalibaki, maana kombe halimrudishii mtu miaka yake.

Basi lawama ni ya fundi? Fundi naye alinyeshewa. Desemba 2015, wenye timu walimleta Jerry Colangelo awe mkubwa juu yake, na miezi michache baadaye Hinkie akaondoka. Waliowataka wachezaji na watazamaji wavumilie ndio waliochoka, na kuchoka kwao hakukuwagharimu kazi wala ujana.

Kwa hiyo yeye aajiriye meneja wa timu iliyoanguka asimuulize tu, "Utashinda lini?" Kwanza ajiulize mwenyewe kama atawaambia watu ukweli wa miaka inayokuja, kama atawapunguzia bei ya kungoja, na kama yeye atangoja pamoja nao. Asiyeweza kulala chini ya paa lililo wazi hana haki ya kuagiza liezuliwe juu ya vichwa vya wengine.