SHUKA UPONE!

Mpendwa msomaji, usiitupe karatasi hii. Huenda maisha yako yamo ndani yake.

Huko Nepal, katika milima ya Himalaya, watu wa mataifa mengi huenda kutembea kwa miguu katika bonde la Khumbu. Huanzia Lukla, mita kama 2,860 juu ya usawa wa bahari. Hupanda kijiji kwa kijiji: Namche mita 3,440, kisha Tengboche, kisha Dingboche, hadi kambi iliyo chini ya Mlima Everest, mita 5,364. Wapagazi hubeba mizigo mgongoni, mkanda umekaza kwenye paji la uso. Ni safari nzuri!

Lakini sikiliza! Huko juu yuko adui asiyeonekana. Hewa ni nyepesi. Kule kambini kila pumzi ina karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata pwani. Ndiyo maana wenye hekima, wakishavuka mita 3,000, hawapandishi mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku. Anayekimbilia juu kichwa humuuma, chakula hakipiti, usingizi humkimbia. Akizidi kupanda, mapafu hujaa maji au ubongo huvimba. Mtu mzima huyumba kama mlevi! Hapo kifo kiko mlangoni.

Sasa ajabu ni hii: mgonjwa mwenyewe hukataa. "Mimi mzima bwana, ni uchovu tu!" Amelipa fedha nyingi, wenzake wako mbele, anaona haya. Hata mpagazi huficha, akiogopa kukosa ujira wake. Jamani, mlima hauangalii misuli! Kijana wa mazoezi huanguka, na mzee wa pole pole akafika.

Dawa yake ni nini? Vidonge vipo. Oksijeni ipo. Huko Pheriche, katika msimu wa wageni, hata zahanati ya ugonjwa huo ipo. Lakini dawa kubwa ni neno moja: SHUKA! Usingoje kuzidiwa. Shuka mara moja, na usishuke peke yako. Wengi waliokuwa hoi walishuka mita mia chache tu, wakaanza kupata nafuu.

Ndugu yangu, dada yangu, wewe je? Umepanda. Cheo unacho, elimu unayo, pengine hata kanisani unakaa kiti cha mbele. Lakini moyoni unayumba! Ile dhambi unayoificha ndicho kile kichwa kinachouma. Unasema ni uchovu tu. Mpaka lini?

Zakayo alikuwa juu ya mti; Yesu akamwita ashuke, na wokovu ukaingia nyumbani mwake siku ile ile (Luka 19). Naamani, jemadari mkubwa, alikasirika kwanza; aliposhuka Yordani ndipo akatakasika (2 Wafalme 5). Na Bwana mwenyewe alishuka mpaka msalabani kwa ajili yako (Wafilipi 2). Wewe ni nani usishuke?

Leo piga magoti hapo ulipo, sema kwa imani: "Bwana Yesu, nimepanda kwa kiburi changu. Mimi ni mgonjwa, sifichi tena. Nashuka mbele zako. Nisamehe, niponye. Amina."

Umeomba? Basi usitembee peke yako. Mwambie mtumishi wa Mungu aliye karibu nawe, leo hii!