Kazi Mbichi

Siku moja niliwapeleka wanafunzi wangu wa chuo kikuu kwenye karakana moja mjini Tunduma, wajifunze kubuni mashine ya kumenya kahawa kwa wakulima wa Mbozi. Kundi la kwanza lilitandaza mchoro maridadi. Fundi mkuu akautazama, akasema, “Mzuri, mwalimu,” akanyamaza. Kundi la pili likaweka mezani mfano wa maboksi na gundi, nikaona haya. Fundi akachomoa kisu, akaukata miguu. “Uko juu mno. Mama mwenye ndoo hafikii.”

Ndugu msomaji, je, umaridadi wetu si namna ya kuwaziba wengine midomo? Anayeonyesha kazi mbichi hukiri kuwa angali mwanafunzi. Boksi hukatwa kwa kisu. Chuma kikishachomelewa, kosa letu hubebwa na yule mama.