Yule Mama Alipata Pesa Zake?

Somo: Ufunuo 2:1-7, Mwanzo 39:7-12

Leo naanza na ushuhuda ambao hauna sifa yoyote kwangu.

Juzi shilingi 4,200 ziliingia kwa simu yangu kutoka nambari nisiyoijua. Kijana wangu alikuwa akicheza gemu kwa hiyo simu, akanisomea ujumbe. Wiki hiyo nilikuwa nadaiwa karo. Baada ya dakika chache nambari ile ikapiga. Sikushika. Ikapiga tena, sikushika. Nikajiambia, "Hawa ni matapeli." Lakini nilikuwa nimeangalia salio. Pesa zilikuwa pale.

Jumapili nikasimama madhabahuni nikahubiri utakatifu, nanyi mkasema amina. Jioni, tukiwa mezani, kijana akaniuliza, "Baba, yule mama alipata pesa zake?"

Ugali ulinikwama kooni. Nikatoka nje nikampigia. Ni mama wa mboga, na hizo zilikuwa pesa za kwenda sokoni. Siku tatu hakuwa amefungua kibanda. Nikamrudishia zote, nikaomba msamaha. Akashukuru, kisha akaniuliza, "Kwani wewe ni nani?" Wapendwa, sikuweza kumwambia kwamba mimi ni mchungaji.

Usiku huo nilisoma barua kwa kanisa la Efeso. Hebu liangalie kanisa hilo. Linafanya kazi, linavumilia, limewapima mitume wa uongo na kuwakataa, linachukia matendo ya Wanikolai. Sisi tungelipigia makofi! Lakini Bwana ana neno juu yao: wameuacha upendo wao wa kwanza. Hakusema wameanza ulevi. Hakusema wameacha mafundisho. Na bado anawaonya kwamba wasipotubu atakiondoa kinara chao.

Nikajiona. Mimi sinywi, sivuti, ibada sikosi. Kumbe usafi wangu ulikuwa wa pale ninapoonekana tu.

Sasa mtazame Yusufu. Ni mtumwa Misri, mbali na baba yake, na siku hiyo nyumbani hamna mtu. Musa hajazaliwa, Amri Kumi hazijaandikwa. Hana mchungaji, hana ushirika wa nyumbani. Nini kilimzuia? Alimkumbuka bwana wake aliyemwamini, kisha akasema hawezi kumtenda Mungu dhambi. Hakuuliza, "Je, nitashikwa?" Aliuliza atawezaje kumkosea Mungu wake. Akaacha vazi lake, akakimbia.

Huo ndio utakatifu unaotoka kwa upendo. Ukimpenda mtu kweli, huhitaji askari wa kukuchunga usimkosee. Upendo ukipoa, hata sheria mia hazitakushika ukiwa peke yako na simu yako.

Je, tufanyeje? Bwana aliwaambia Efeso mambo matatu, katika mstari wa 5.

Kwanza, kumbuka ulikoanguka. Rudi nyuma kwa mawazo. Ni lini ulianza kuomba kwa haraka? Ni lini Biblia ikawa ya Jumapili peke yake?

Pili, tubu. Usiiite dhambi "hali ngumu" kama nilivyofanya mimi na karo. Itaje kwa jina lake.

Tatu, fanya matendo ya kwanza. Unakumbuka ulipookoka? Uliamka alfajiri bila kusukumwa. Ulimrudishia jirani jembe ulilokaa nalo mwaka mzima. Anzia hapo, wiki hii. Kama kuna pesa ya mtu, rudisha. Kama kuna simu hutaki kushika, shika.

Mtoto wangu alihubiri mahubiri mafupi kuliko yangu yote. Nani anakuuliza wewe swali lile?

Tuombe: Bwana Yesu, nimekutumikia huku moyo umepoa. Nisamehe. Nipe kukupenda tena, hata mahali ambapo hakuna anayeniona ila wewe. Amina.