Nani kamfundisha?

Mtoto analilia pipi dukani. Mama anasema hapana mara tatu; ya nne, kwa kuona haya mbele ya watu, anampa. Kisha tunasema mtoto mkaidi! Je, ndugu msomaji, ni haki kumlaumu? Kashika somo alilopewa: ukilia sana, hapana hugeuka ndiyo.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Gerald Patterson, alizichunguza familia majumbani mwao na kuyaandika haya mwaka 1982. Aliyefunzwa kwanza alikuwa mzazi: asifu jema papo hapo, asigeuze neno lake. Semina ya siku moja (nasi tunavyozipenda!) haitoshi. Baba akikaza na bibi akalegeza, mtoto atahamishia kilio kwa bibi. Basi bibi naye afunzwe, wiki hadi wiki, kwani mara nyingi kilio huzidi kwanza ndipo kipungue.