Kweli Tupu Haitoshi Kuandika Maisha ya Mtu

Yasmin Ratansi alizaliwa Tanganyika mwaka 1951, akahamia Kanada, akafanya kazi ya uhasibu, na mwaka 2004 wapiga kura wa Don Valley East, jijini Toronto, wakamchagua kuwa mbunge kwa tiketi ya chama cha Liberal. Alikuwa mwanamke Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la nchi hiyo. Alishindwa mwaka 2011, akarudi 2015, akashinda tena 2019. Novemba 2020, baada ya shirika la utangazaji la CBC kufuatilia habari kwamba alimwajiri dada yake katika ofisi yake ya jimbo la uchaguzi, kinyume cha kanuni za Bunge, aliomba radhi na kuondoka katika kundi la wabunge wa chama chake. Uchaguzi wa mwaka uliofuata hakugombea. Hakuna jambo kati ya haya ambalo mtu makini atalikana. Hata hivyo, anayeketi kuhariri wasifu wake katika Wikipedia ana swali ambalo ukweli wa mambo hayo hauwezi kulijibu: habari ya Novemba 2020 ipewe mistari mingapi, na ikae wapi?

Tumezoea kudhani kwamba jina la mtu huchafuliwa kwa uongo tu. Wikipedia yenyewe ilianza kujihadhari kwa sababu ya uongo. Mwaka 2005 mtu aliyeficha jina lake aliandika katika wasifu wa mwanahabari Mmarekani John Seigenthaler kwamba aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya akina Kennedy, na maneno hayo yakakaa pale miezi minne bila mtu kuyaondoa. Kelele zilizofuata zilizaa kanuni kali kuhusu wasifu wa watu walio hai: jambo zito lisilo na chanzo cha kuaminika liondolewe mara moja, mjadala ufuate baadaye. Kanuni hiyo ni nzuri, nami naiunga mkono bila kusita. Lakini inatibu ugonjwa ulio rahisi kuutambua. Ugonjwa mgumu ni ule wa wasifu ambao kila sentensi yake ni ya kweli na ina chanzo, ilhali kwa ujumla wake unamdhulumu mtu. Wasifu wenye sentensi kumi, saba zikiwa juu ya kosa moja, umekwisha kutoa hukumu kabla msomaji hajaanza kufikiri. Na hukumu hiyo ni ngumu kukatiwa rufaa, kwa kuwa mwandishi wake akiulizwa atauliza naye: uongo uko wapi? Hoja yangu ni kwamba kipimo, yaani nafasi inayopewa kila jambo, ni sehemu ya haki sawasawa na ukweli wenyewe.

Wapo watakaosema kwamba mtandaoni karatasi haiishi: wekeni kila kitu, msomaji ana akili zake, atapima mwenyewe. Hoja hii inamheshimu msomaji, lakini inasahau namna watu wanavyosoma. Wengi huishia aya ya kwanza. Chukua Louis Riel, kiongozi wa Wametis, watu wenye asili ya Wazungu na wenyeji wa Amerika Kaskazini. Vuguvugu aliloliongoza mwaka 1869 na 1870 ndilo lililozaa jimbo la Manitoba. Alichaguliwa kuwa mbunge mara tatu bila kukalia kiti chake. Na tarehe 16 Novemba 1885 alinyongwa Regina kwa kosa la uhaini. Mwaka 1992 Bunge lilelile la Kanada lilimtambua kuwa mwanzilishi wa Manitoba. Ukianza wasifu wake na mwanzilishi, kamba inakuwa dhuluma iliyompata mwanasiasa. Ukianza na mhaini, Manitoba inakuwa jambo alilolifanya njiani kabla ya kufika kwenye kosa lake. Mambo ni yaleyale, mpangilio ndio umebadilika, na hakuna namna ya kuandika bila mpangilio. Kwetu sisi jambo hili ni zito zaidi. Katika Wikipedia ya Kiswahili wanasiasa wengi wana makala fupi sana, zile ziitwazo mbegu, za sentensi tatu au nne. Humo sentensi moja ya tuhuma ni robo au hata theluthi ya maisha ya mtu.

Basi nani apime? Jibu la haraka ni mwenye maisha, kwa kuwa hakuna anayeyajua kuliko yeye. Mwaka 2012 mwandishi wa riwaya Philip Roth alilalamika hadharani kwamba Wikipedia ilikataa neno lake kuhusu asili ya riwaya yake mwenyewe, ikataka chanzo kingine. Roth alikuwa na hoja, na kwa mtunzi wa riwaya mtu anaweza kumhurumia. Kwa mwanasiasa siwezi. Yeye anaomba mamlaka juu ya watu wengine, na rekodi ya namna alivyoyatumia ni mali ya wale aliowatawala. Zaidi ya hayo, ana wasaidizi wenye kompyuta na mishahara ya umma. Mwaka 2014 ilianzishwa Kanada programu iliyotangaza kwenye Twitter kila badiliko lisilo na jina lililofanywa Wikipedia kutoka katika mitandao ya serikali, na ilikuwa haki kuianzisha. Mwanasiasa anastahili kusikilizwa: kuna ukurasa wa majadiliano, aeleze pale kwa jina lake kosa liko wapi, alete ushahidi. Kalamu aiache kwa wengine.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu hao wengine. Wikipedia inaagiza kwamba uzito wa jambo ufuate uzito liliopewa na vyanzo vya kuaminika. Lakini vyanzo navyo vina upendeleo wake. Wiki moja ya kashfa huzaa habari nyingi kuliko miaka ya kazi ya kamati, kwa sababu kamati haiuzi magazeti. Kibaya zaidi, wasio na magazeti hawana vyanzo. John A. Macdonald, waziri mkuu wa kwanza wa Kanada, aliandikwa kwa miongo mingi kama mjenzi wa taifa na wa reli iliyokamilika mwaka 1885. Shule za bweni zilizowatenga watoto wa wenyeji na wazazi wao, ambazo serikali yake ilizisimika kama sera, zilipewa nafasi ndogo au hazikutajwa kabisa. Je, aliyefuata vyanzo vya wakati ule hakurudia ukimya wao?

Nakubali kwamba aliurudia. Lakini tazama namna ukimya huo ulivyovunjwa. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada ilisikiliza mashahidi zaidi ya 6,000, na mwaka 2015 ikatamka kwamba shule hizo zilikuwa mauaji ya kimbari ya kitamaduni. Kuwepo kwa shule hakukuwa siri. Kilichobadilika ni uzito wake, na ulibadilika kwa ushahidi uliotolewa mbele ya watu. Hii inaonyesha kwamba kipimo si suala la ladha ya mhariri. Kinaweza kukosewa, na kikikosewa kinaweza kusahihishwa kwa hoja. Ndiyo sababu nathamini historia ya ukurasa, inayohifadhi kila toleo la makala na kuonyesha nani alibadilisha nini na lini. Haizuii dhuluma, lakini inaacha alama ambayo mwingine anaweza kuifuata.

Mhariri basi asihesabu habari za magazeti tu. Aulize jambo lilibadilisha nini katika maisha ya mtu huyo na ya umma aliouwakilisha. Kwa kipimo hicho, habari ya Novemba 2020 ina haki ya kuwemo katika wasifu wa Ratansi: inahusu uvunjaji wa kanuni ya Bunge, na ilimtoa katika kundi la wabunge wa chama alichokitumikia tangu 2004. Anayeifuta kwa kumhurumia anawanyima wapiga kura wa Don Valley East rekodi iliyo yao. Iandikwe kwa aya moja, ikitaja kosa, radhi na matokeo, nayo iwekwe mahali pake kwa mfuatano wa miaka, baada ya chaguzi alizoshinda na kazi aliyoifanya bungeni.